Muhogo Uliopigwa na Ukame: Dalili, Chanzo na la Kufanya, Kuanzia Shambani Hadi Jikoni

Maswali kuhusu muhogo huja kwa wingi mvua inapokata. Majani yanapukutika. Muhogo uliokuwa mtamu mwaka jana sasa unauma ulimi. Bada, yaani ugali wa muhogo, inaleta kizunguzungu. Mizizi iliyovunwa juzi imeshapiga mistari myeusi. Kila anayeuliza huona lake ni tatizo la peke yake, lakini mara nyingi mzizi wa fitina ni mmoja: mmea umekosa maji na kubadili kemia ya mwili wake, na jikoni watu wameendelea kama kawaida, au wamepunguza siku za kuloweka kwa sababu njaa imebana. Mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona. Chini ya kila dalili, chanzo cha kawaida kinatangulia, na kilicho adimu kinakuja mwisho.

Majani yanageuka manjano na kupukutika

Chanzo cha kwanza ni ukame wenyewe, na hapo mmea hauumwi. Muhogo hufunga stomata, vile vitundu vidogo vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke, mapema kuliko mazao mengi. Hufunga hata udongo ukiwa bado na unyevu, mradi hewa imekauka. Mabrouk El-Sharkawy, aliyefanya kazi miaka mingi katika CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha kitropiki huko Colombia, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa kina. Vitundu vikifungwa maji hayapotei, lakini hewa ya ukaa nayo haiingii, kwa hiyo mmea hauwezi kulisha majani mengi. Unayaacha ya zamani na kutoa machache madogo.

Kagua hivi. Majani yanayoanguka ni ya chini, na yale ya kileleni ni madogo lakini kijani na safi? Kwaruza shina kwa ukucha: chini ya gome kuna kijani kibichi na utomvu mweupe unachuruzika? Ikiwa ndivyo, mmea uko hai na unasubiri mvua. Usiukate na usimwage mbolea kwenye udongo mkavu. Palilia tu, magugu yasinyang'anye unyevu uliobaki.

Chanzo cha pili ni wadudu wanaonufaika na kiangazi. Hapa tazama kileleni. Majani machanga yakiwa na vidoadoa vya manjano, yamekuwa membamba na kupinda, geuza jani na uangalie chini yake mahali penye mwanga. Utitiri wa kijani ni mdogo sana, lakini jicho zuri linaweza kuuona ukitembea. Ukikuta vumbi jeupe kama unga na majani yamejikusanya pamoja kama ngumi, hao ni vidung'ata. Usikimbilie dawa ya kupulizia. Vidung'ata walioitia Afrika hasara kubwa miaka ya 1970 walidhibitiwa na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Amerika Kusini, kazi iliyompa Hans Rudolf Herren Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Utitiri nao una maadui wake wa asili. Dawa huua walinzi hao pamoja na wezi, na msimu unaofuata wezi ndio hutangulia kurudi.

Chanzo cha tatu ni kuoza kwa mizizi. Dalili yake ni moja isiyodanganya: mmea unanyauka ilhali udongo umelowa. Fukua mmoja. Ukikuta mizizi laini inayonuka, acha kung'oa pingili za kupanda kutoka shamba hilo na umwite afisa ugani kabla hujahamisha udongo wala jembe kwenda shamba jingine.

Jani lina mabaka ya manjano na kijani, limekunjamana

Hii haihusiani na maji. Ni batobato, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi weupe na zaidi na pingili zenye ugonjwa. Otto Warburg aliuandika mwaka 1894 kutokana na mihogo ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Mvua haiuponyi. Ng'oa mapema mmea ulioathirika ungali mdogo, na msimu ujao panda pingili safi za aina inayostahimili. Kama zaidi ya robo ya shamba limeathirika, kung'oa mmoja mmoja hakutakusaidia. Muulize afisa ugani zinapopatikana mbegu zilizokaguliwa.

Muhogo mtamu umegeuka mchungu

Malalamiko haya yachukuliwe kwa uzito kuliko mengine yote, maana uchungu huo mara nyingi ni tangazo la sumu.

Kila muhogo una kemikali iitwayo linamarini. Haijapatikana aina isiyo nayo kabisa. Aina tamu huwa nayo kidogo, chungu nyingi. Sehemu kubwa hutengenezwa majanini kisha husafiri hadi mizizini. Ndani ya chembehai linamarini hukaa kwenye kifuko chake, na kimeng'enya cha kuivunja, linamarase, hukaa kwenye ukuta wa chembe. Mradi mzizi ni mzima, viwili hivyo havikutani. Mnyama akitafuna au mchi ukiponda, vinakutana, na mwisho wa safari inatoka sumu iitwayo sianidi. Ndiyo silaha ya mmea dhidi ya panya, nguruwe pori na sisi.

Chanzo kikuu cha uchungu kuongezeka ni ukame. Profesa Ros Gleadow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walilipima hili katika utafiti uliotoka mwaka 2013. Mihogo ya miezi 5 ilinyimwa maji kwa siku 28 ndani ya nyumba ya kioo. Uzito wa mizizi ulishuka kwa 83%, na kiwango cha sianidi mizizini kikawa mara 4 ya mimea iliyonyweshwa. Kilichonigusa zaidi ni kundi la tatu: mimea iliyorudishiwa maji katikati ya jaribio ilikua karibu sawa na iliyonyweshwa tangu mwanzo, na sumu yake ikawa chini kuliko ya ile iliyoachwa na kiu. Kwa hiyo uchungu wa ukame si wa kudumu. Ukiweza kusubiri mvua zirudi na mmea uchipue vizuri, subiri.

Chanzo cha pili ni mchanganyiko wa pingili. Ukiomba mbegu kwa jirani msimu wa shida, unapewa alichonacho. Linganisha mmea wenye mizizi michungu na jirani yake: rangi ya kikonyo cha jani, rangi ya shina, umbo la majani machanga. Zikitofautiana, una aina mbili shambani. Tenga zile chungu kwa alama ya kamba, uzivune kwa ajili ya unga peke yake. Udongo uliochoka, hasa uliopungukiwa potasiamu, ni chanzo cha tatu. Majivu ya jikoni na samadi vinasaidia, ila kwa msimu ujao.

Ulimi una kazi yake lakini usiuamini peke yake. Kwa wastani mzizi mchungu una sumu zaidi, ila mingine haionyeshi uchungu mkali na bado imepita kiasi. Ncha moja ya mzizi inaweza kutofautiana na nyingine, na ganda huwa na sumu zaidi kuliko nyama. Usitafune kipande kizima ili kupima. Gusa kidogo, tema, suuza kinywa. Viwango vya kimataifa vinauita muhogo mtamu ule wenye chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo ya mzizi mbichi.

Uamuzi wangu ni huu: mwaka wa ukame, chukulia kila muhogo wa shamba lako ni mchungu hadi uthibitike vinginevyo. Usiwape watoto muhogo mbichi wa kutafuna, hata wa aina mliyoizoea.

Unga una uchungu, au ugali wake unaleta kichwa na kizunguzungu

Ukihisi hivyo, weka kijiko chini. Soma kwanza onyo hili.

*Peleka mgonjwa hospitali mara moja* kama baada ya kula muhogo, saa chache tu, kuna kutapika, kichwa kikali, kizunguzungu, tumbo kuuma, kuharisha, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida, kupoteza fahamu au degedege. Usingoje kuona kama itatulia, na usipoteze muda kwa maziwa au dawa ya kienyeji. Beba kiasi cha unga au chakula kilichobaki, na waarifu wote waliokula chungu kimoja. Septemba 2017, wilayani Kasese, Uganda, watu 98 waliugua kwa sumu ya unga wa muhogo na 2 wakafariki.

*Mpeleke pia bila kuchelewa* mtoto au mama ambaye miguu yote miwili imelegea au kukakamaa ghafla, anatembea kwa ncha za vidole au hawezi kusimama, katika familia ambayo kwa wiki kadhaa imekula muhogo karibu peke yake. Hiyo inaweza kuwa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaohusishwa na sumu ya muhogo. Giovanni Trolli aliieleza mwaka 1938 huko Kwango, Kongo. Mwaka 1981 ukame uliwapooza watu zaidi ya 1,000 mkoani Nampula, Msumbiji, na mwaka 1985 ikaonekana Tarime, Tanzania. Konzo haiponi, miguu hairudi ilivyokuwa. Ukisikia kisa kimoja kijijini, toa taarifa kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa jirani anakula unga uleule.

Kama hakuna dalili hizo na shida ni unga tu, twende kwenye vyanzo.

Cha kwanza na cha kawaida kuliko vyote ni siku zilizopunguzwa. Kivunde, yaani muhogo wa kuloweka, cha siku 3 au 4 kimetolewa majini baada ya siku 1 kwa sababu watoto wanalia. Udaga, yaani muhogo wa kuvundikwa kwa kulundikwa, haukuachwa hadi uote ukungu. Hii ndiyo sehemu inayoniumiza: mmea unaongeza sumu wakati uleule ambao njaa inamsukuma mama kupunguza kazi ya kuitoa. Kagua kwa vidole. Mzizi ulioloweka vizuri unabonyea na kugawanyika wenyewe kwa nyuzinyuzi. Ulio mgumu katikati bado. Kwenye miinuko ya baridi ongeza siku. Usihesabu siku, hesabu ulaini.

Cha pili ni kukausha juani peke yake. Makopa yaliyomenywa na kuanikwa tu hubaki na takriban robo hadi theluthi ya sumu ya awali. Kwa muhogo mtamu wa mwaka wa mvua hiyo inavumilika. Kwa muhogo wa ukame, theluthi ya kiasi kikubwa bado ni kikubwa. Na kuna jambo watu wengi hawalitarajii: vipande vyembamba vikikauka haraka sana kwenye jua kali, sumu hubaki zaidi, kwa sababu linamarase inahitaji unyevu kufanya kazi, na unyevu umeshaondoka. Ndiyo maana kuponda au kukuna kabla ya kuanika kunashinda kukatakata. Muhogo uliokunwa, ukavundikwa na kukamuliwa kisha kukaangwa, kama watu wa Afrika Magharibi wanavyotengeneza chakula chao cha muhogo kiitwacho gari, hubaki na sumu kidogo mno.

Cha tatu ni kuamini kuwa moto humaliza kila kitu. Ukitumbukiza vipande vikubwa kwenye maji yanayochemka, joto huua kimeng'enya kabla hakijavunja linamarini, na linamarini yenyewe huvumilia joto. Kinachotoka ni kile tu kilichoyeyuka kwenye maji. Kwa muhogo wa kuchemsha kata vipande vidogo, anza na maji baridi mengi, acha sufuria wazi, na mwaga maji yale. Usiyatumie kwa mchuzi. Muhogo mchungu usiuchemshe kabisa. Huo ni wa kuvundika.

Unga umeshasagwa na hauuamini? Kuna njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, nayo haidai kifaa chochote. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, na upige alama ndani ya beseni usawa ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Mwanzoni unga utashuka chini ya alama, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze kwenye ungo, sinia au mkeka safi, unene usizidi sentimita 1. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu songa ugali siku hiyohiyo. Maji yameamsha kimeng'enya kilichobaki ungani, na sianidi inaondoka hewani. Kiwango hushuka mara 3 hadi 6. Njia hii ilipofundishwa kwa akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, wilaya ya Popokabaka huko Kongo, mwaka 2010 na 2011, hakukutokea mgonjwa mpya wa konzo katika kipindi hicho. Kwangu, kila kliniki ya mama na mtoto katika maeneo ya muhogo mchungu ingefundisha hatua hizi pamoja na uji wa lishe.

Kiwango salama cha unga kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 kwa kilo. Ukiwa unasaga kwa ajili ya kuuza, kukisia hakutoshi. Peleka sampuli maabara, hasa msimu wa ukame, na usichanganye mizigo ya wakulima tofauti kabla ya majibu.

Chanzo cha nne hakiko kwenye unga. Mwili hugeuza sianidi kuwa tiosianati na kuitoa kwa mkojo, ila kazi hiyo inahitaji salfa itokayo kwenye protini. Familia inayokula bada kwa chumvi tupu haina salfa ya kutosha. Dagaa, samaki, yai, maharage, hata kidogo kila siku, vinabadili mambo. Tumia pia chumvi yenye madini joto, kwa kuwa tiosianati hushindana na madini hayo mwilini. Kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, uhusiano wa muhogo na tezi la shingo ulichunguzwa kwa miaka mingi.

Na kisamvu, au sombe kwa ndugu zetu wa Kivu? Majani kwa kawaida yana sumu kuliko mzizi, na katika jaribio lile la Monash majani machanga ya mimea yenye kiu yalifika karibu mara 3 ya yale yaliyonyweshwa. Bahati njema kimeng'enya chake ni kingi. Twanga hadi yalainike kabisa, yatandaze na kuyaacha saa 2 juani au saa 5 kivulini, suuza, ndipo uchemshe bila kufunika. Kukatakata kwa kisu na kuchemsha upesi hakutoshi.

Mzizi una weusi ndani

Jibu linategemea ulikata lini.

Ukikata mzizi ulioung'oa sasa hivi na tayari una mabaka ya kahawia, makavu kama gome la kizibo, ni ugonjwa wa michirizi kahawia. H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, Tanga. Majani yanaweza kuonekana ya kawaida hadi siku ya mavuno, na ndiyo hatari yake. Usitoe pingili hapo. Mwite afisa ugani, usiwapelekee ndugu zako mbegu hizo hata wakikuomba.

Ukikata mzizi uliovunwa na kukaa siku 1 hadi 3, na kuna mistari ya buluu-nyeusi inayofuata mishipa karibu na ganda, hakuna kijidudu hapo. Ni mmea unavyojibu jeraha. Pale ulipokatwa, chembehai huzalisha ghafla oksijeni kali inayounguza kila kitu jirani, na kemikali iitwayo skopoletini hugeuka rangi. Sianidi yenyewe inahusika: ikiachiliwa kwenye jeraha huziba upumuaji wa chembe, na hapo oksijeni kali hufurika. Watafiti walioongeza njia mbadala ya upumuaji kwenye mizizi waliripoti mwaka 2012 kuwa weusi ulichelewa. Silaha ya mmea inaumiza mmea.

La kufanya kwanza ni kupunguza majeraha: chimba, usivute kwa nguvu, acha kikonyo kifupi kwenye kila mzizi. Pili, kata mashina takriban wiki 2 kabla ya kuvuna, uache kisiki. Mizizi itadumu zaidi, ingawa wanga hupungua kidogo. Ukiwa na soko la mbali, fukia mizizi mizima kwenye pumba za mbao au mchanga wenye unyevu, pasipotuama maji. Mistari michache yaweza kuondolewa kwa kisu. Mzizi ukiwa laini, unatoa maji na kunuka, umeoza, tupa.

Muhogo haukuiva vizuri, una majimaji na hauna unga

Tazama juu ya shina. Kuna machipukizi mapya? Basi mvua imenyesha karibuni na mmea umevunja wanga wa mizizi ili kujenga majani yaliyopotea kiangazi. Mzizi haujaharibika, umekopwa. Acha mimea iliyobaki shambani hadi majani yakomae na kuanza kurudisha wanga, jambo linaloweza kuchukua miezi miwili na zaidi, kisha chimba mmoja wa majaribio kabla hujavuna shamba zima. Kama hakuna majani mapya na mzizi ni mgumu wenye nyuzi, umezeeka, saga unga. Na kama mizizi ni kama vidole tu wakati mmea umefikisha mwaka, chunguza udongo: eneo lililoshikamana, kivuli cha miti au maji yaliyotuama. Hayo hayarekebishwi na mbolea. Tifua, panda kwenye matuta, na pingili zinazofuata zitoke kwenye mimea iliyokomaa isiyo na dalili yoyote ya zile zilizotajwa hapo juu.